Ndoana na Riziki ya Nyumba

Mama wa pwani huenda asishike mshipi maishani mwake, lakini pesa za kununulia ndoana mara nyingi hutoka mkononi mwake, katika akiba ya mahamri aliyouza au kofia alizoshona. Basi si vibaya akajua zinunuliwazo ni kitu gani. Juya limekatazwa Kenya tangu mwaka 2001, na mshipi ni katika zana ambazo mvuvi mdogo hutoka nazo bila ya hofu. Kaskazi ikitulia, mashua zikaanza kuvuka mwamba kutafuta nguru, kolekole na jodari, nyumba nyingi baina ya Vanga na Kiunga hupata ahueni. Nguru mmoja akijinasua akaenda zake, huwa ni karo ya mtoto iliyorudi baharini.

Nguru huyo, kwa yale tuyasikiayo kwa wavuvi, hakupotea kwa udhaifu wa uzi peke yake. Mara nyingi kilichomponyesha ni kichuma kidogo: ndoana iliyonyooka au kipete kilichofunguka.

Nambari ndizo zinazowababaisha wanunuzi. Ndoana ndogo huhesabiwa kinyume, kwa kuwa nambari 10 ni ndogo kuliko nambari 4. Hesabu ikishafika 1 hugeuka, ikaandikwa pamoja na sufuri: 1/0, 2/0, na kuendelea, na hapo nambari kubwa ndiyo ndoana kubwa. Mwenye kuvua changu hahitaji ndoana ya tewa. Hata hivyo nambari haitoshi, kwani ndoana mbili za nambari moja zaweza kutofautiana unene. Nyembamba huingia upesi, lakini samaki mzito akivuta hukunjuka.

Hili huonekana zaidi kwa wenye kurambaza na chambo cha bandia. Chambo hicho aghalabu huja na ndoana za ncha tatu zilizo nyepesi, na kipete chembamba cha kuzishikilia. Mwenye kutaka samaki mkubwa huvitoa vyote viwili, akatia ndoana moja nene na kipete imara. Kisha akijaribu kwanza kando ya chombo, kwa sababu ndoana ikizidi uzito chambo huinama, kisiogelee, na samaki hakifuati. Baina ya mshipi na ndoana atie kipande cha waya, maana meno ya nguru hukata uzi mfano wa mkasi. Na pale waya unapokutana na mshipi ifungwe pete ya kuzunguka, ili mshipi usijisokote.

Iko pia ndoana ya duara, ambayo ncha yake imegeukia ndani. Hiyo haitaki kukutuliwa kwa nguvu. Mvuvi huacha mshipi ukaze wenyewe, na ndoana hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Kasa naye huimeza kwa shida zaidi. Sisi twaipenda kwa hilo. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuvi ya bahari, lakini hatukuhalalishiwa kutesa. Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, mchinjaji ameamrishwa atie makali kisu chake. Na ingawa samaki hachinjwi, twaona mvuvi hayuko mbali na amri hiyo. Ndoana butu humjeruhi samaki na kumwacha aende na donda. Ijaribiwe juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, itiwe tupa.

Kwa sababu hiyohiyo hatuisifu sana ndoana isiyoshika kutu. Hudumu, ni kweli, lakini ikibaki kinywani mwa samaki aliyekata mshipi, hudumu humo pia. Ile ya chuma kilichopakwa zinki huliwa na chumvi taratibu hata ikaanguka. Mwenye kuitumia aioshe kwa maji matamu arudipo, aikaushe, na aipake mafuta kidogo.

Nyumbani zitiwe ndani ya mkebe wenye kifuniko, mbali na watoto, wala zisichomekwe ukutani wala kwenye mkeka. Ndoana ikimwingia mtoto kidoleni hata kijino chake kikazama, isivutwe kurudi nyuma, maana hupasua nyama. Ukatwe uzi tu, apelekwe hospitali na ndoana yake, na aulizwe daktari habari ya sindano ya pepopunda.