Kitambaa cha Matundu Chini ya Sindano ya Umeme: Hesabu za Biashara ya Darizi Kilosa na Mikumi

Biashara ya kudarizi katika miji midogo ya mkoa wa Morogoro, Kilosa na Mikumi ikiwa miongoni mwake, imegawanyika katika kazi mbili ambazo mara chache hukutana. Ya kwanza ni ya mkono, nayo ni ya vitambaa vya makochi na meza ambavyo akina mama huvishona majumbani kwa kuhesabu matundu ya kitambaa na kupitisha mishono miwili inayokatizana kama herufi X, ndiyo maana ukaitwa mshono wa msalaba. Ya pili ni ya mashine, ambayo huishi zaidi kwa nembo za sare za shule, majina ya vikundi na shingo za mashati ya vitenge. Hoja ya makala haya ni kwamba kitambaa cha kazi ya kwanza kinaweza kuwa bidhaa nzuri ya kazi ya pili, na kwamba fundi atakayefaidika ni yule atakayekubali kitambaa kiiongoze mashine, kwa kuwa anayejaribu kinyume chake hupoteza uzi, muda na mteja kwa pamoja.

Kitambaa chochote cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, yaani nyuzi zinazotandazwa kwa urefu kwenye kitanda cha mfumi, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa katikati yake kwa upana. Katika kitambaa cha Aida, kilichobuniwa mwaka 1890 na kampuni ya Zweigart ya Ujerumani, nyuzi hizo hufungwa makundi makundi, hata kila kundi likawa mraba mdogo wenye tundu linaloonekana kwa macho katika kila pembe. Hupimwa kwa idadi ya miraba katika inchi moja. Cha 14 ndicho cha kawaida, cha 11 humfaa anayejifunza, na cha 18 ni cha kazi nyembamba. Vipo pia vitambaa vya kitani na pamba ambavyo nyuzi zake zinalingana idadi pande zote mbili bila kufungwa makundi, na mshonaji huruka nyuzi mbili mbili, hivyo kitambaa cha nyuzi 28 kwa inchi hutoa kazi ileile ya Aida ya 14. Marekani, ile pamba isiyopaushwa iliyozoeleka madukani, haifumwi kwa nia ya usawa huo, na maua yaliyochorwa kwa hesabu ya miraba yanaweza kutokea juu yake yakiwa yamerefuka upande mmoja.

Mkono na mashine hutofautiana hapa kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mkono huona tundu, ilhali mashine haioni. Mashine ya kudarizi huongozwa na faili la kompyuta linaloiambia fremu isogee umbali fulani kabla ya kila pigo la sindano, na husogea hivyo hivyo kitambaa kiwe kimevutika au kimelegea. Katika Aida ya 14, kutoka tundu hadi tundu ni kama milimita 1.8. Ua la upana wa sentimita 10 likishonwa kwenye kitambaa kilichovutwa kwa asilimia moja tu, mishono ya mwisho itakuwa imekosea kwa milimita moja nzima, yaani zaidi ya nusu ya mraba, na sindano iliyoanza vizuri ndani ya matundu itamalizia ikitoboa katikati ya nyuzi. Misalaba ya upande huo hulala vibaya, na jicho la mteja huona kasoro hata pale ambapo mteja mwenyewe hawezi kuitaja.

Dawa yake ni ya kawaida na haina gharama. Fundi huhesabu miraba 50 kwa upande wa mtande, akaipima kwa rula, kisha akafanya vivyo hivyo kwa upande wa mshindio. Katika Aida ya 14 iliyo sawasawa, miraba hiyo huchukua milimita 91 hivi. Kipimo kikitofautiana, kinachorekebishwa ni ukubwa wa ua kwenye programu, na kitambaa hakiguswi. Ni vyema pia kitambaa kisibanwe ndani ya fremu, kwa sababu ukingo wake huponda nyuzi na kuacha alama ya duara isiyofutika kwa urahisi. Kinachobanwa ni kile kitambaa chepesi cha kuimarisha kinachotandazwa chini, na Aida hubandikwa juu yake kwa gundi ya muda au kwa mishono mirefu inayofumuliwa baadaye.

Suala la fedha linahitaji hesabu ya makini zaidi, kwa kuwa bei ya kazi ya mashine hufuata idadi ya mishono, ambayo ndiyo inayopima muda, uzi na umeme. Darizi ya kawaida ya kujaza, ambayo mistari ya uzi hulazwa kwa umbali wa milimita 0.4 na kila mshono ukawa na urefu wa milimita 4, huhitaji kama mishono 6,250 kufunika eneo la sentimita 10 kwa 10. Eneo hilohilo kwenye Aida ya 14 lina miraba 3,025, na kila msalaba ukihesabiwa mapigo manne, jumla ni 12,100, ambayo kwa mashine inayopiga mishono 600 kwa dakika ni dakika 20 badala ya 10. Fundi anayeijaza Aida yote kwa misalaba, basi, amejiongezea gharama maradufu. Lakini uzuri wa Aida tangu mwanzo ni kwamba kitambaa chenyewe ndicho mandhari: ua likikalia theluthi moja tu ya eneo, mapigo hubaki karibu 4,000, na kazi ikawa nafuu kuliko ile ya kujaza. Kuacha nafasi tupu ndiko kunakoleta faida, na ni jambo ambalo washonaji wa mkono wamelijua siku zote kwa sababu ya uchovu wa vidole vyao.

Soko la karibu lipo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupita ndani yake, hivyo mji wa Mikumi hupokea watalii, madereva wa masafa marefu na wasafiri wa mabasi. Leso za meza za hoteli, mito na mifuko yenye twiga, tembo au mti wa mkumi wenyewe ulioupa mji jina, ni bidhaa nyepesi isiyooza na isiyovunjika njiani. Kilosa kwa upande wake ina stesheni ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na fundi anayenunua kitambaa Kariakoo hana tena sababu ya kukaa safarini siku nzima.

Kinachosikitisha ni kwamba kitambaa hicho kinunuliwe mbali. Kilosa ni wilaya ya pamba. Kituo cha utafiti cha Ilonga, kilicho ndani ya wilaya hiyo, kilizalisha mbegu za IL 74 na IL 85 kwa ajili ya ukanda wa mashariki, ingawa sehemu kubwa sana ya pamba ya Tanzania hulimwa kanda ya magharibi, kuzunguka Ziwa Victoria. Hata hivyo, pamba nyingi ya nchi huuzwa nje ikiwa bado haijasokotwa, kisha nguo hurudi kwa bei ya mwenye kiwanda. Hali hiyo ina mizizi mirefu: katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na kupanda bonde la mto Mkondoa ilibeba marekani iliyofumwa Massachusetts, na jina la kitambaa hicho ni ushahidi wa kilikotoka. Kufuma nyuzi kwa makundi yanayolingana hakuhitaji teknolojia ngeni, na Morogoro ni mkoa wenye historia ya viwanda vya nguo. Kinachokosekana ni mnunuzi wa uhakika, ambaye mafundi wa darizi wakiungana wanaweza kuwa.

Mtaji una milango kadhaa, ukiwemo mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake hutengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ujuzi nao una chuo cha VETA palepale Mikumi. Lakini hazina isiyotambuliwa ni ya akina mama wa vitambaa vya makochi. Mchoro wa mshono wa msalaba, unaochorwa kwenye daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba ukapewa rangi yake, tayari ni sawa na picha ya kompyuta, kwa kuwa nayo imeundwa kwa vijiraba vya rangi. Mama anayeweza kuupanga kwa penseli ana sehemu ngumu zaidi ya kazi ya kutengeneza faili la mashine, na inayobaki ni kumwonyesha kibodi. Anastahili kulipwa kama mbunifu wa ua.

Kuna pia suala la maji. Aida mpya hutoka dukani ikiwa imepigwa wanga, ngumu na tulivu juu ya meza ya mashine, na kwa sababu hiyo fundi hushawishika kuishona kama ilivyo. Pamba husinyaa inapofuliwa, ilhali uzi wa polyester unaotumika kwenye mashine hausinyai, hivyo leso iliyoshonwa bila kuloweshwa hukunjamana kuzunguka ua siku ya kwanza inapopita katika maji ya moto ya dobi wa hoteli. Kitambaa kiloweshwe, kikauke na kupigwa pasi kwanza, kisha ndipo miraba 50 ipimwe.