Kulipa deni ni kitu kimoja, kuwa na karatasi yake ni kitu kingine



Leo siongei juu ya mbolea. Ninaongea juu ya karatasi moja, yenye mistari kama sita, ambayo ilikosa kidogo tu kunitenganisha na mama mdogo wangu.

Mwaka wa kwanza kisha lisansi, nilichukua mkopo wa dola 800 kwa taasisi moja ya mikopo midogo hapa Lubumbashi, nipate mbegu, NPK na urea. Kwetu mahindi yanapandwa mvua ikishakamata, mwezi wa 11 ao wa 12, na mavuno yanakuja mwezi wa 4 ao wa 5. Lakini taasisi inataka makuta kila mwezi, haingojee mvuno. Kwa hiyo miezi miwili nilichelewa siku kidogo. Mama mdogo ndiye alinisimamia: aliacha kwao karatasi za kiwanja chake.

Siku ya malipo ya mwisho, kijana wa gishe aliniambia: «Papa, tumemaliza, bravo.» Nikatoka nikicheka. Sikuomba kitu.

Mwaka mmoja na nusu kisha, mama mdogo akaenda kuchukua karatasi zake. Wakamujibu: «Mama, mu mashini mwana wako angali na deni.» Deni gani? Wakati nilichelewa, amande ilihesabiwa. Pesa nilizoleta kisha zilikata kwanza amande na faida, ndipo mtaji. Basi malipo ya mwisho hayakufika mwisho: zilibaki dola 14. Hizo 14 nazo zikahesabiwa kuwa zimechelewa, mwezi kwa mwezi, mpaka zikafika 63. Hakuna mtu aliniambia. Mama alinipigia simu, hakusalimia hata. «Ulinidanganya?» Neno hilo liliniuma kupita dola 63.

Sasa tuelewane juu ya sheria. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo tungali tunaitumia, inasema katika kifungu cha 197 mambo mawili. Mwenye kudai deni ni lazima aonyeshe kwamba deni liko. Na mwenye kusema ameshalipa ni lazima aonyeshe kwamba alilipa. Mzigo huo wa pili ni wako. «Bravo» ya mtu wa gishe si ushuhuda. Kesho anahamishwa, ao anaacha kazi.

Kwa hiyo, fanya hivi.

Kwanza, mbele ya malipo ya mwisho, usiende na hesabu ya kichwa chako. Omba wakuandikie jumla ya kumaliza kila kitu: mtaji, faida, amande na garama, pamoja na tarehe ambayo hesabu hiyo inafika. Ukilipa kisha tarehe hiyo, omba hesabu mpya.

Pili, ukishalipa, omba hali ya konti ya mkopo. Soma mstari wa mwisho. Inafaa uwe sifuri, si «karibu sifuri».

Tatu, omba atestasio. Kwa Kifaransa wengi wanaiita «attestation de non-redevance», maana yake karatasi ya kuonyesha hudaiwi. Iwe na jina lako lote, nambari ya mkopo, kiasi ulichokopa, tarehe ya malipo ya mwisho, neno wazi kwamba hakuna kinachobaki, sahihi na muhuri.

Wakikuambia «rudia kesho» mara mbili, acha kuongea, andika. Barua fupi, kopi mbili: moja inabaki kwao, ingine wanaipiga muhuri na tarehe ya kupokea, unarudi nayo. Kopi hiyo yenye muhuri ndiyo silaha yako. Siku zikipita bila jibu, andikia mkubwa wao. Akinyamaza naye, peleka malalamiko kwa Banki Kuu ya Kongo, juu ndiyo inasimamia mabanki na taasisi za mikopo midogo. Ndiyo pia iko na Centrale des risques, mahali taasisi zinatangaza nani anadaiwa kiasi gani. Omba kwa barua yako watangaze kwamba umemaliza; kama sivyo, siku utaomba mkopo kwingine unaweza kukuta jina lako lingali na deni.

Tusisahau mwenye alitusimamia. Sheria ya OHADA juu ya dhamana inasema deni likizimika, kifungo cha mdhamini nacho kinazimika. Ni vizuri, lakini yeye pia apewe kopi na arudishiwe karatasi zake mkononi. Na kama hipoteki iliandikwa kwa msimamizi wa hati za ardhi, haitoshi taasisi kusema imeachilia: inafaa ifutwe mule mu kitabu.

Neno la mwisho ni dogo lakini lilinisaidia. Risiti zinazotoka kwa mashini ndogo, zile za karatasi laini, zinafutika kwa joto. Katika kumi zangu, moja ilikuwa nyeupe kabisa. Piga fotokopi ao picha siku ile ile, na SMS za kulipia kwa simu usizifute.

Mimi nilirudi na risiti tisa na mkataba. Hali ya konti ikaonyesha malipo yote kumi, hata lile la risiti nyeupe. Tukasoma pamoja kifungu cha amande. Dola 14 zilikuwa haki yao, nikazilipa. Zile zingine 49 wakakubali kuzifuta, juu hawakuwa na barua hata moja ya kunijulisha. Nikangoja atestasio palepale kwa kiti, masaa mawili.

Jioni nikaipeleka kwa mama mdogo pamoja na karatasi zake za kiwanja. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.