Je, Wajua? Baridi ya Mbozi na Baridi ya Kwenye Gemu

Je, wajua kwamba kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi? Ndiyo maana abiria aliyepanda basi Dar es Salaam na fulana hushuka Vwawa au Tunduma, mkoani Songwe, akiulizia koti, hasa Juni na Julai.

Je, wajua kwamba nyama ya mwili huganda ikipoa hadi kama nusu nyuzi chini ya sifuri? Baridi ya Songwe hutetemesha tu. Anayetaka kuijua ile inayokata vidole bila kuumia, aifuate kwenye gemu. Katika The Long Dark, iliyotengenezwa Kanada, mvue mhusika glavu umwache kwenye upepo wa theluji: mikono itaungua kwa baridi, na hasara yake ni ya kudumu. Katika RimWorld, vidole, pua na masikio hukatika kabisa.

Watunzi hawakubahatisha. Mwili ukipoa, mishipa ya damu ya ngozi hujibana ili moyo na ubongo vibaki na joto. Vidole hukosa damu. Barafu huanza kujengeka nje ya seli, kisha huvuta maji yaliyo ndani, na seli hunyauka hadi kufa. Hata kidole kikishapashwa joto, damu huweza kuganda kwenye vimishipa vyake na kukimaliza.

Jani la mbuni nalo hufa vivyo hivyo, jambo ambalo mkulima wa Mbozi hapaswi kulipuuza. Julai 1975 jalidi iliunguza mashamba ya Paraná, Brazil, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa mno.

Je, wajua hesabu ya upepo na baridi ilianzia wapi? Antaktika, mwaka 1941: Paul Siple na Charles Passel walitundika maji kwenye kichupa cha plastiki wakapima yanavyowahi kuganda upepo ukizidi.

Je, wajua kwamba katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953, wanajeshi weusi wa Marekani waliumizwa zaidi na baridi kuliko wenzao weupe? Kijana wa Tunduma anayekwenda kusoma Norway au Kanada na aambiwe hili mapema. Kidole kikifa ganzi na kupauka, asikisugue wala kukiota motoni, maana kitaungua bila yeye kuhisi. Akitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, kisha amwone daktari.