Breki za Gari la Petroli na Umeme

Siku hizi yako magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na betri yake huchajiwa kwa waya nyumbani. Huitwa haibridi. Anunuaye gari la namna hii lililokwisha kutumika, na atazame breki kwanza.

Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka dainamo: hupunguza mwendo na kurudisha umeme katika betri. Kwa hiyo pedi hazibani diski sana, wala haziliki upesi. Lakini chuma kisichosuguliwa hushika kutu, na Pemba yetu imezungukwa na bahari, hewa yake ni ya chumvi. Diski huchimbika, kalipa, yaani kibanio cha pedi, hukwama upande mmoja, na gari huvuta kando. Tena betri ikijaa haipokei umeme. Hapo, katika mteremko, kazi yote huziangukia diski zile zile zenye kutu.

Basi unene wa pedi usikudanganye. Fundi na afungue magurudumu, asafishe kalipa na kutia grisi pini zake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Aghalabu hubadilishwa kila miaka miwili. Breki hulinda roho za watu.