Turubai la Gari la Chama: Kulifunga na Kulitunza

Kahawa ya milima ya Tarime hufika katika ghala la chama cha msingi ikiwa imekwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa, nayo bado imo ndani ya ganda lake. Mkulima ameianika juu ya kichanja kwa siku nyingi, akiikimbilia kuifunika kila wingu lilipotanda upande wa ziwa. Kazi hiyo yote yaweza kuharibika katika safari moja ya alasiri kutoka Muriba au Nyamwaga, kwa sababu turubai la gari lilikuwa na tundu ambalo dereva alilijua na katibu hakuambiwa.

Hasara ya namna hii haionekani upesi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Kahawa iliyokauka vema haipasi kuwa na unyevu uzidio asilimia 12. Tuseme gunia lina kilo 50 za kahawa yenye unyevu huo, kisha likanyeshewa njiani hadi unyevu ukafika asilimia 15. Gunia hilo sasa litakuwa na uzito wa karibu kilo 52. Mtu asiyefahamu ataona kwamba chama kimepata nyongeza. Kumbe ni maji. Mpokeaji akipima unyevu atalikataa gunia, au atalirudisha likaanikwe upya, na likikauka kilo mbili zile hutoweka. Lisipoanikwa upesi huota ukungu, na kahawa iliyoota ukungu hushuka daraja hata ikikaushwa tena. Wanachama huja mkutanoni wakiuliza kwa nini malipo yao ni madogo, na mizani ndiyo inayolaumiwa.

Magari yanayohusika hapa ni ya aina mbili. Kuna pikapu na Land Rover zenye paa la turubai lililoshonwa kwa kipimo cha gari na kutandazwa juu ya matao ya chuma. Paa la namna hiyo si jambo geni: Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na paa la turubai, na magari ya ukoo huo yaliendelea kuundwa hadi mwaka 2016. Tena kuna malori, ambayo turubai lake ni shuka kubwa lifungwalo kwa kamba juu ya shehena. Hayo mengi ni ya kukodi, lakini shehena iliyo chini yake ni mali ya wanachama.

Yafaa katibu ajue turubai lake limefumwa kwa nini. Lile la pamba hupumua, na nyuzi zake huvimba zinapolowa, zikaziba vijitundu. Likiwa jipya husinyaa kidogo linyeshewapo mara ya kwanza. Kwa hiyo lisikazwe hadi mwisho siku ya kwanza, la sivyo litararuka kwenye mishono. Lile la plastiki iliyopakwa juu ya nyuzi halipitishi maji wala hewa. Hilo ni imara, ila jua hulikausha kwa miaka hadi likapasuka mahali lilipokuwa likikunjwa, na mvuke wa shehena hugeuka matone chini yake. Kahawa isiachwe chini ya turubai la plastiki usiku kucha garini kwa kudhani kwamba imo ghalani.

Kabla ya kulifunga paa la pikapu, matao yakaguliwe kwanza. Tao lenye kutu au ncha kali ni kisu: turubai hulisugua kila gurudumu linapoingia shimoni, na barabara yenye mashimo mengi yatosha kukata nguo yoyote. Kutu isuguliwe kwa msasa, chuma kipakwe rangi, na rangi ikikauka tao livishwe vipande vya turubai kuukuu. Kisha turubai litandazwe wakati wa jua, kwa maana likipata joto hulainika na kunyooka. Mshono wa kati ulale katikati ya gari. Upande wa mbele ufungwe kwanza, halafu mbavu mbili kwa kulegeza, halafu nyuma. Ndipo kukaza kuanze, kidogo kulia na kidogo kushoto, hadi turubai lilie kama ngoma likipigwa kofi. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili atapata paa lililopinda, na maji yatafanya kidimbwi juu yake. Tena mzigo usiguse turubai la pamba likiwa limelowa, kwa sababu maji hupenya mahali pale panapoguswa.

Kwa lori lenye maturubai mawili, utaratibu ni ule ule wa mwezekaji wa nyasi, anayeanza chini ili safu ya juu iilalie ya chini. Turubai la nyuma ndilo litangulie kutandazwa, na la mbele lililalie kwa upana wa mkono mzima. Yakifungwa kinyume, upepo wa mwendo huingia katikati na kulifumua la nyuma, na mvua hufuata njia hiyo hiyo. Kamba ya katani husinyaa inapolowa na kulegea inapokauka. Kwa hiyo dereva asimame baada ya mvua kukatika akazikaze upya. Dereva asiyesimama kamwe hadi mwisho wa safari hasifiwi kwa hilo.

Pamba ya vijiji vya Serengeti haina shida hiyo kwa kiasi hicho, kwani hununuliwa zaidi kiangazi, na adui wake ni vumbi. Turubai lake likung'utwe kabla ya kutumika. Lililochakaa hata likatoa nyuzi za plastiki lisitumike kabisa, kwa kuwa nyuzi hizo zikichanganyika na pamba ni taabu kuzitenga na huiharibia sifa yake.

Katika kulisafisha, makosa yanayotendwa ni mengi kuliko uzembe wa kutolisafisha. Turubai huoshwa kwa maji na brashi laini. La plastiki laweza kutiwa sabuni kidogo na kusuuzwa. La pamba lisiguswe kwa sabuni ya unga, maana huiondoa dawa iliyolizuia kupitisha maji. Mafuta ya taa, dizeli na petroli ni mwiko kwa yote mawili. Licha ya kulila turubai, mafuta hayo huacha harufu, na kahawa hunyonya harufu kama sifongo. Gunia lililolala juu ya turubai lenye dizeli litatambuliwa na mwonjaji, hata kama macho hayaoni kitu.

Adui mkubwa kuliko mvua yenyewe ni kulikunja likiwa bichi. Gari hurudi usiku, vijana wamechoka, turubai hukunjwa na kusukumwa pembeni mwa ghala karibu na mbolea. Baada ya juma moja madoa meusi yametokea. Uzi wa pamba umeoza, na kidole hupenya. Turubai lililolowa litandazwe siku hiyo hiyo, au asubuhi yake, juu ya kamba au ukuta, likauke pande zote mbili. Likunjwe kila mara kwa mkunjo tofauti, na liwekwe juu ya mbao, mbali na panya na mbolea.

Tundu dogo lishonwe likiwa dogo. Fundi viatu wa sokoni anaweza kazi hiyo kwa shazia na uzi imara uliopakwa nta ya nyuki. Kiraka kikatwe bila pembe, kwa kuwa pembe hubanduka kwanza, nacho kishonwe mistari miwili. Turubai la plastiki hupigwa msasa kidogo na kubandikwa kiraka kwa gundi yake.

Linabaki suala la daftari. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inavitaka vyama kuweka hesabu zinazokaguliwa, lakini turubai ni rahisi kusahauliwa katika orodha ya mali, kana kwamba ni sehemu ya gari. Liandikwe peke yake: tarehe ya kununuliwa, bei, kipimo, na jina la anayelitunza. Litokapo ghalani dereva atie sahihi, na lirudipo katibu aandike hali yake, kavu au bichi, zima au limetoboka. Kwa gari la kukodi, mkataba utaje nani atalipa kahawa ikilowa. Kisipotajwa hicho, mlipaji ni mwanachama.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji fundi. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtu mmoja aingie chini ya turubai lililofungwa garini na mwenzake afunge mlango wa nyuma. Kila nukta ya mwanga atakayoiona aizungushie chaki, na kazi hiyo ifanywe kabla gunia la kwanza la msimu halijapakiwa.