Kuamini na Kujua katika Lugha ya Imani ya Kikristo

Mwanafunzi mmoja alinijia baada ya kipindi cha semantiki akiwa na swali ambalo halikuwa la mtihani. Mama yake alipokuwa mgonjwa, alikuwa akimwambia kila jioni, "Mama, najua utapona." Mama hakupona. "Mwalimu," akauliza, "je, nilimdanganya?" Makala haya yanajaribu kumjibu, na kumsaidia msomaji kutenganisha vitenzi viwili ambavyo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kimoja.

Asili ya maneno

Kitenzi *jua* ni cha Kibantu. Kitenzi *amini* kimetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye konsonanti ʾ-m-n, ambao umetupatia pia *imani*, *amana*, *amani*, *mwaminifu* na *muumini*. Hata *amina*, neno la kufungia sala, lina asili ya Kiebrania katika mzizi huohuo wa Kisemiti. Maana inayoyaunganisha maneno haya ni uthabiti na usalama: amana ni kitu unachomwachia mtu kwa kuwa huna shaka naye. Kwa hiyo, kwa asili yake, *kuamini* si kukisia, ni kuegemea.

Kipimo cha sarufi

Linganisha sentensi hizi (kinyota kinaonyesha sentensi isiyokubalika):

(1) Naamini Asha amefika, lakini huenda nimekosea.
(2) *Najua Asha amefika, lakini huenda nimekosea.

Sentensi ya pili inajipinga yenyewe, kwa sababu *kujua kwamba* hudai kuwa jambo lenyewe ni kweli. Ndiyo maana nikisema "Juma anajua kwamba Asha amefika," mimi msemaji pia nimekubali kuwa Asha amefika. Nikisema "Juma anaamini kwamba Asha amefika," nimeeleza msimamo wa Juma tu. Asha huenda bado yuko njiani.

Kwa kipimo hiki pekee, mtu angeweza kuhitimisha kwamba imani ni ujuzi uliopungua, yaani hatua ya chini ya ngazi ambayo juu yake kuna kujua. Hitimisho hilo halitoshi, kwani *amini* ina muundo mwingine:

(3) Naamini kwamba fundi huyu ni hodari.
(4) Namwamini fundi huyu.

Katika (3) ninakubali hoja. Katika (4) kiambishi cha mtendwa *-mw-* kinamleta mtu mwenyewe ndani ya kitenzi: nimemkabidhi kazi yangu, na pengine ufunguo wa nyumba. *Jua* nayo hugawanyika vivyo hivyo. "Najua kwamba jirani ni mgonjwa" ni taarifa. "Namjua jirani" ni uhusiano uliojengwa kwa muda.

Maandiko na mapokeo

Agano Jipya linatumia miundo yote miwili. Yakobo 2:19 inasema kwamba hata mashetani huamini kuwa Mungu ni mmoja, nao hutetemeka. Hiyo ni *kuamini kwamba* bila *kumwamini*. Katika 2 Timotheo 1:12, Paulo aliye kifungoni anatumia vitenzi vyote viwili pamoja: anamjua yule aliyemwamini. Hadai kujua yatakayompata kesho. Anachokijua ni tabia ya yule aliyemkabidhi maisha yake. Naye Tomaso, katika Yohana 20, anataka kwanza kuona na kugusa. Yesu anamruhusu, kisha anawaita heri wale wanaoamini bila kuona.

Katika karne ya 13, Thomas wa Akwino alieleza kwamba imani iko kati ya ujuzi na maoni. Inafanana na ujuzi kwa kuwa inashika kwa uthabiti, na inafanana na maoni kwa kuwa haijaona. Alirithi pia kutoka kwa mapokeo ya Augustino utengano wa mambo matatu: kuamini kwamba Mungu yupo, kumsadiki Mungu anaposema, na kumwelekea Mungu kwa moyo wa kuamini. Kiswahili huonyesha la kwanza kwa *kuamini kwamba*, na hukusanya mawili yaliyobaki katika *kumwamini*. Waumini Wakatoliki huliita ungamo lao la imani *Nasadiki*, kutoka mzizi wa Kiarabu unaohusu ukweli. Waprotestanti wengi huungama kwa *namwamini*. Neno la kwanza linasisitiza ukweli wa linalosemwa, la pili linasisitiza mtu anayetegemewa. Ungamo kamili linahitaji yote mawili.

Ushauri wa matumizi

Tumia *najua kwamba* pale unapoweza kusimamia ukweli wa jambo. Tumia *naamini kwamba* pale unapokubali jambo ambalo hujaliona. Tumia *namwamini* pale unapomtegemea mtu, hata kama hujui atatenda nini. Tahadhari hii si ya kisarufi tu. Mgonjwa akiambiwa "sema najua nimepona," kisha akaacha dawa, kitenzi kimoja kimebeba mzigo usiokuwa wake: tumaini limevikwa vazi la taarifa. Wala anayesema "naamini" badala ya "najua" hajakiri upungufu wa imani. Ametaja imani kwa jina lake.

Nilimjibu mwanafunzi yule kwamba hakudanganya, kwa kuwa mwongo hukusudia kupotosha, naye hakukusudia hivyo. Alikosea kitenzi. Alichokuwa nacho kando ya kitanda kile hakikuwa taarifa juu ya kesho ya mama yake, bali tegemeo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama yake hakuwahi kusema "najua". Kila jioni alikuwa akijibu, "Namwamini Mungu, mwanangu," na sentensi hiyo haikukanushwa na kifo chake.