Nyimbo za Kijapani Zinazowaliza Watoto Wetu London

LONDON – Joto likishaanza kuchoma Muscat na Dubai, Edgware Road hujaa watu wetu. Ukishuka Marble Arch ukapanda na barabara, hujafika mbali ushasikia Kiarabu cha kila pembe, na ukitega sikio vizuri utasikia na Kiswahili cha Unguja kinalalamikia bei ya maembe. Wapo waliokuja kupunga hewa. Wapo waliofuata watoto wanaosoma. Na wapo, kama sisi mwaka huu, walioleta mgonjwa.

Mgonjwa wetu ni mama yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Tumepanga fleti ya vyumba viwili karibu na Paddington. Aliyetusindikiza ili amsaidie ni binti wa dada yangu, ana miaka 17, na kwa wiki nzima ya kwanza sikumsikia akisema zaidi ya "naam" na "la, ahsante". Masikioni ana vile vidude vyeupe asubuhi mpaka usiku. Jioni moja natoka dukani na mkate, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, analia.

Moyo ukanilipuka. Mgonjwa yuko juu, mtoto analia chini, utafikiri nini?

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hamna kitu, mama mdogo. Nyimbo tu."

Nikakiomba kidude kimoja. Mwanamke anaimba polepole, piano nyuma yake, na neno lenyewe hata moja silielewi. Kijapani! Mtoto kazaliwa Muscat, Kiarabu anasema na baba yake, Kiingereza shuleni, Kiswahili anachokoteza kwa bibi yake, halafu analizwa na lugha ya nne.

Wimbo wenyewe unaitwa "First Love". Aliyeuimba ni Hikaru Utada, na si mgeni London hata kidogo, maana ameishi hapa miaka mingi. Albamu yenye wimbo huo ilitoka Machi 1999, mwenyewe akiwa na miaka 16, na ikauza zaidi ya nakala milioni 7 huko Japani. Mpaka leo hakuna albamu iliyouza zaidi yake nchini mwao. Mwaka 2022 wakatengeneza na tamthilia ya Netflix kwa jina hilohilo, na hapo ndipo wimbo ulipowafikia watoto ambao ulipotoka walikuwa hata hawajazaliwa. Kama una binti wa makamo hayo nyumbani na hujui haya, basi ndiyo unajua sasa.

Mama yake Utada naye alikuwa mwimbaji. Aliitwa Keiko Fuji, alivuma mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nyimbo za aina wanayoita enka, ambazo ni nyimbo za watu wazima, za kuachwa na za kukumbuka kwao. Alifariki Tokyo Agosti 2013. Mwanawe alikuwa amesimama kuimba kwa muda, na aliporudi na albamu mpya mwaka 2016, ile huzuni haikuwa tena ya msichana aliyeachwa na mpenzi. Ilikuwa ya mtoto aliyefiwa na mama.

Binti yetu aliyajua yote hayo. Alinieleza palepale kwenye ngazi, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akizungumza dakika kumi mfululizo tangu tushuke Heathrow.

Najua wapo wasomaji ambao muziki nyumbani kwao hauingii kabisa. Hilo ni lao na nawaheshimu. Mimi nimelelewa na mwanamke aliyepika huku anaimba, basi siwezi kujifanya sijui.

Usiku ule Bibi akauliza mtoto alikuwa na nini. Nikamwambia. Nikitegemea atacheka, au atasema haya ndiyo matunda ya simu. Badala yake akasema, "Mwite, aje nao huo wimbo."

Akawekewa kidude sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, amefumba macho, kidole kinagonga blanketi. Kisha akatoa hukumu: "Huyu kaachwa, na bado hajakasirika. Akishakasirika atapona." Mtoto akacheka, machozi bado yapo.

Halafu Bibi akauliza jambo nililoona la ajabu. "Hawa si ndio wenye taishokoto?"

Kwa wasiojua, nieleze. Familia yetu ilitoka Unguja mwaka 1964, kama wengi mnaosoma hapa, na kabla ya kufika Oman tulipitia Mombasa. Bibi alikaa kule miaka saba. Harusi za Mombasa wakati ule, pamoja na udi na ngoma, zilikuwa na chombo chenye sauti kali inayotetema, kama waya unaolia. Mpigaji anakiweka mapajani au mezani, mkono mmoja unakwaruza nyuzi, mwengine unabonyeza vitufe mithili ya mashine ya kupigia chapa.  Watu wakikiita taishokoto, na wengi, mimi mmojawapo, tukidhani ni cha Kihindi.

Kumbe ni cha Kijapani. Kilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na mtu aitwaye Goro Morita, na vile vitufe kweli alivitoa kwenye mashine ya chapa. Mwaka huo ndio ulioanza zama za mfalme walizoziita Taisho. Koto ni zeze lao la kale la kulaza. Ndiyo hilo jina. Kutoka Japani kikafika Bara Hindi, ambako wakakipa majina yao, na kutoka huko kikavuka bahari mpaka pwani yetu, kama vile bizari na vitambaa. Ajabu ni kwamba sisi ndio tuliobaki na jina la Kijapani, tumelilainisha kidogo tu.

Basi huzuni ya Mombasa imepigwa kwa chombo cha Nagoya zaidi ya nusu karne, na hakuna aliyeona ugeni. Na London nayo imo katika hadithi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ni kampuni ya hapahapa, GlobeStyle, iliyokwenda Zanzibar na Mombasa kurekodi taarabu na kuzitoa kwa sahani na kanda, na wako Wazungu waliolijua jina la Ikhwani Safaa kutokana na sahani hizo. Baadhi ya zile za Mombasa zina taishokoto ndani. Nilimtafutia mtoto kwenye simu. Alisikiliza, akakunja uso, akasema, "Hii inanikumbusha katuni." Haya, tukubali, ni mwanzo.

Tukaanza kubadilishana. Kila jioni baada ya dawa, mtoto analeta wimbo mmoja wa Kijapani, Bibi anajibu kwa mmoja wa kwetu.

Alileta wa Miki Matsubara wa mwaka 1979, uliolala miaka 40 kisha mwishoni mwa 2020 ukasambaa kwenye TikTok dunia nzima. Watoto wenye mama wa Kijapani walikuwa wanaupiga ghafla sebuleni na kuwarekodi mama zao wakishtuka na kuanza kuimba. Matsubara mwenyewe hakuyaona hayo, alifariki mwaka 2004, ana miaka 44. Bibi hakuupenda sana. "Wa kuchezea huu, si wa kulilia."

Alileta na ule ambao ulimwengu unauita "Sukiyaki", na huu una kisa cha London ambacho sikuwa nakijua. Jina lake hasa ni "Ue o Muite Aruko", yaani nitatembea nikitazama juu. Mwenye kuimba anainua uso ili machozi yasidondoke. Aliyetunga maneno, Rokusuke Ei, aliyatunga baada ya maandamano ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa ulinzi na Marekani, yaliyoshindwa. Muziki ni wa Hachidai Nakamura, na mwimbaji kijana mmoja mwenye chunusi na tabasamu, Kyu Sakamoto. Ulitoka Japani 1961. Mkuu wa kampuni ya Pye ya London, Louis Benjamin, aliusikia alipokuwa safarini huko, akaja nao, akampa Kenny Ball na bendi yake ya jazi waupige bila maneno. Kwa kuhofia Waingereza hawataweza kulitamka jina, akaubatiza jina la chakula: sukiyaki, mchuzi wa nyama. Ni sawa na mtu achukue wimbo wa Siti binti Saad wa kumlilia mpenzi auite "Biriani".

Jina likaganda. Juni 1963 sauti ya Sakamoto mwenyewe, kwa Kijapani kitupu, ilishika namba moja Marekani kwa wiki tatu, na hapa Uingereza ikafika namba sita. Sakamoto alikufa 12 Agosti 1985 katika ajali ya ndege ya Japan Airlines iliyotoka Tokyo kwenda Osaka. Walikuwamo watu 524, wakanusurika wanne.

Bibi akauliza kama aliacha watoto. Mtoto akatafuta, akamwambia mabinti wawili. Bibi akamrehemu, tukanyamaza.

Kuna jambo moja nimelisikia mwenyewe katika nyimbo hizi, nisiwasingizie wataalamu. Silabi za Kijapani, kama zetu, karibu zote zinaishia kwa irabu, na mwimbaji ana nafasi ya kuivuta sauti mwishoni na kuizungusha. Katika enka mzunguko huo una jina lake, kobushi. Ukimsikiliza mwimbaji wa enka anavyoipindisha irabu ya mwisho, kisha ukamsikiliza fundi wa taarabu ya kale, utaona wanalia kwa mtindo wa ndugu. Na wao pia wana neno moja, natsukashii, la ile hali ya kukumbuka jambo lililopita likakuuma na kukufurahisha kwa pamoja. Nilijaribu kulitafutia Kiswahili. Hamu haitoshi, majonzi yamezidi. Kiarabu cha hanini kinakaribia. Bibi alisema hakuna haja ya neno, ukiisikia harufu ya asumini unajua.

Operesheni ilipangwa Jumatano. Jumanne usiku mtoto alileta wimbo mmoja wa enka, wa Sayuri Ishikawa wa mwaka 1977. Ni wa mwanamke anayeshuka treni ya usiku kaskazini mwa Japani, wakati wa baridi, anapanda feri kuvuka mlango wa bahari wa Tsugaru, peke yake, anaacha mtu nyuma. Feri hizo zenyewe hazipo tena kwa abiria wa reli, mwaka 1988 walifungua njia ya treni chini ya bahari. Mtoto alimfasiria Bibi kidogo kidogo, kutoka maandishi ya Kiingereza, kwa Kiswahili chake cha kuchokoteza. Akakwama kwenye neno ghuba. Bibi akamtilia.

Ulipokwisha Bibi akasema, "Rudia." Ukarudiwa. Akasema tena, "Rudia."

Kisha akaanza kuzungumza juu ya meli. Ile ya 1964, ambayo miaka yote hii mimi mwanawe nimeisikia kwa sentensi mbili tu: tulipanda, tukafika. Alimweleza mjukuu wake nani alibaki gatini, na alivaa nini. Niliinuka kwenda kuchemsha chai, kwa sababu niliona si mimi ninayeambiwa. Nikiwa jikoni nikasikia na mtoto anaanza kueleza lake, kwa sauti ya chini, lile la kwenye ngazi, ambalo halikuwa "nyimbo tu" hata siku moja.

Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Asubuhi muuguzi alipomwambia avue vito, Bibi alitoa bangili, akatoa pete, akatoa na kidude cheupe sikioni, akampa mjukuu wake amshikie.

Namshukuru Mungu, operesheni imekwenda salama na sasa kazi yake ni kulalamikia chakula cha hospitali. Jana tulipobaki wawili nikamuuliza mtoto alimwambia nini usiku ule. Akanitazama, akakionja kikombe nilichomletea.

"Chai yako imepoa hii," akasema.